Mtu wa Kusindikiza

Katekista wetu alikuwa na majivuno. Nalitanguliza hilo ili watu wa Kibimba watakaonuna wanune mapema, wamalize, tuendelee. Wao wanamkumbuka mtu mpole wa macho chini na mikono kifuani, mtu wa kuwekwa kwenye fremu ukutani. Mimi nilikaa naye migomba kwa migomba tangu nilipoolewa mpaka alipohama, na nawaambia yule mzee alijisifu mchana kweupe. Tena alikuwa na haki.

"Kufundisha watoto sala," angesema asubuhi, amesimama mbele ya nyumba na mswaki wa mti mdomoni, "hakuna anayenishinda parokia hii. Mlete hata yule anayelia akimwona mtu mzima. Atasali Nasadiki mpaka padri ashangae." Na ilikuwa kweli. Watoto wangu wote wamepita mikononi mwake, na yule wa tatu, kichwa kigumu kuliko jembe, mpaka leo yuko Kahama anauza simu na bado anaijua rozari yote bila kubabaika.

Watu hawakupenda. Katika jumuiya wanawake walikunja midomo. "Katekista gani huyu anajipigia debe mwenyewe? Unyenyekevu uko wapi?" Yeye alikuwa na jibu lake, na alilitoa sokoni. Mnaijua lumbesa: gunia la viazi limejaa, halafu linaongezewa kichwa cha juu, kinashonewa wavu na kamba, linasimama kama mtu mwenye kilemba. "Anayejisifu kwa asichopewa," alisema, "amefunga lumbesa. Na anayejidharau kwa alichopewa anapunja kopo. Wote wawili wanaharibu kipimo cha Mungu. Mimi nimejaa kopo." Hapo angepitisha kiganja hewani, taratibu, kama mama anayesawazisha maharage juu ya kopo ili yasizidi wala yasipungue.

Na alijipima pande zote, ndiyo maana nilimpenda. Kuimba hakujua, na alisema hajui. Kwaya ikianza alifunga mdomo akawaachia wenyewe. Mahubiri yake ya Jumapili, zile ambazo padri hafiki kigangoni kwetu, aliyafupisha. "Nikiendelea nitalala mimi kabla yenu," alitangaza, watu wakacheka, akaketi. Hasira alikuwa nayo pia. "Mimi ni mtu wa hasira, muulizeni mama wa nyumbani kwangu." Na mke wake, kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu aliyengoja kuulizwa: "Anayo!"

Basi huyo ndiye mtu waliyemfungia karama ya uponyaji, wakakaza kamba, na hakuna aliyekubali kuifungua.

Ilianzia mtoni. Kila kitongoji kwetu kina machela yake, ya mianzi na kamba, na kila nyumba inatoa mwanaume wa kubeba mgonjwa. Asiyetokea anatozwa mtungi wa rubisi, na pombe hiyo ya ndizi wanaimaliza waliobeba. Siku hizi kuna bodaboda, na gari la wagonjwa ukibahatika, lakini mvua ikikolea ule mteremko wa kwenda mtoni haumjui bodaboda wala dereva, na machela inarudi kazini. Siku hiyo mvua ilikuwa imekolea. Mtoto wa nyumba ya chini alikuwa na homa, akashikwa na degedege, kisha akaacha kutikisika akalegea kabisa. Mama yake alikuwa ameanza kile kilio kinachowatoa watu majumbani. Katekista alishika mti wa mbele. Mimi nilifuata nyuma na kikapu cha uji na kanga za mtoto.

Kwenye kivuko pale kuna magogo tu, yameota ukungu. Katekista alikuwa anasali Salamu Maria kwa sauti kubwa, kama alivyosali kila safari ya machela, na katikati ya sala akateleza. Nilikuwa nyuma yake. Niliona kisigino kinaondoka, niliona kandambili inaruka. Machela ikainama, mtoto akaingia majini mzima mzima. Tukapiga kelele sote! Wakamvuta, na yule mtoto akafungua mdomo akatoa yowe, akamtapikia baba yake kifuani, akaanza kulia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa vibaya.

"Amefufuka!" alisema mtu. Sikumwona ni nani, na bora, maana ningemfuata mpaka leo.

Jumapili iliyofuata Katekista alisimama mbele ya kanisa. "Ndugu zangu, niliteleza. Kandambili zangu zimelika chini. Mtoto hakufa, alizimia kwa homa, maji ya baridi yakamshtua. Kule hospitali wamemkuta na malaria, wamempa dawa. Mimi sikumponya mtu. Niliwaangusha wenzangu, na ningeweza kumuua mtoto wa watu. Naomba msamaha."

Yalaa! Angenyamaza ingekuwa afadhali. Kanisa zima liliguna kwa utamu. Wanawake walijifuta machozi. Bibi mmoja wa benchi la mbele akageuka akatuambia, "Mnamsikia? Mwenye karama hajitangazi." Nikamtazama Katekista. Alikuwa amevua kandambili moja, ameigeuza chini juu, anatuonyesha ilivyolika.

Tangu hapo maisha yake yalikuwa chumba kisicho na mlango. Nipeni ninyi mlango, mimi niliutafuta naye miaka. Akisema hana karama, huo ni unyenyekevu. Akikataa kumwombea mtu, ana moyo mgumu, anaficha taa ya Mungu. Akimwombea akapona, si tulisema? Akimwombea akafa, basi imani ya marehemu ilikuwa haba, au kuna mtu kwenye ukoo ana dhambi hajaungama. Katekista hakuweza kushindwa. Hebu fikiria mtu aliyenyimwa hata ruhusa ya kushindwa.

Alfajiri akifungua mlango aliwakuta uani wameketi kwenye majani makavu ya migomba, na wagonjwa wao, na kuku wao waliofungwa miguu. Kuku aliwarudisha, kesho yake kuku wanarudi. Mke wa mwenye duka, Mwislamu, wa watu ambao babu zao walitoka pwani na biashara ya nguo, naye alipitia uchochoro wa nyuma akaomba aguswe goti. "Mama, nenda kwa mumeo akakuchue na mafuta ya nazi," Katekista alimwambia. Yule mama akaenda akachuliwa, goti likapoa, na sifa ikamrudia Katekista.

Kwenda shamba lake mwenyewe ilibidi apenye kwangu, ameinama, jembe amelibana kwapani, kama mwizi wa ndizi. Nilimcheka. "Shikamoo mtakatifu," nilimwambia. "Mama Devota," alinijibu bila kucheka, "usinitanie kwa jina hilo. Wengine wanalisema kweli."

Alijaribu mengi, na hapa ndipo mtaona alivyokuwa hana adabu za kitakatifu. Sikukuu moja ya mavuno aliamua kulewa. Alipanga kabisa, akaniambia. Alikaa kilabuni mbele ya watu, akanywa rubisi mpaka akaimba, yeye asiyejua kuimba, akaanguka kwenye mfereji, tukambeba kwa ile ile machela. Nikasema leo imekwisha, jina limeharibika, amepona. Kesho yake nakutana na wanawake kisimani: "Umeona alivyojishusha? Amekaa na walevi, amekunywa nao, apate kuwavuta." Nilitua ndoo nikacheka mpaka nikaketi chini, halafu nikashtuka kuwa ninalia.

Alikwenda kwa paroko. Paroko wakati huo alikuwa kijana, mwema, mwenye haraka. Alipomwambia hana karama ya kuponya, paroko akamshika bega: "Mzee, usimzime Roho Mtakatifu." Basi Katekista akaona aseme aliyonayo. Akamwambia, "Kufundisha watoto ndiko ninakokuweza, Baba, na ninakuweza sana. Nipe watoto wa vigango vyote." Paroko akatabasamu: "Hapo sasa tujihadhari na kiburi." Alirudi akiwa ameuma midomo. Alinisimulia yote juu ya ua wa mpaka wetu, kisha akaniuliza, "Mama Devota, mtu akisema ukweli kuhusu nafsi yake aseme kwa lugha gani?"

Kulikuwa na karama nyingine, na hii ndiyo ninayotaka ieleweke kuliko zote. Katekista alijua kusindikiza. Msiseme hilo ni dogo. Mume wangu alipougua, Katekista alikwenda nasi hospitali ya wilaya akakaa siku zote za ugonjwa ule. Hakumwekea mkono. Hakuniambia "atapona", hakuniambia "ni mapenzi ya Mungu". Alikaa benchini. Alijua wapi maji ya moto yanapatikana, muuguzi yupi asumbuliwe na yupi aachwe apumzike. Mtu akikata foleni alimrudisha nyuma kwa ile hasira yake, na mimi nikapata kusinzia. Mume wangu alipokata roho, alitoka nje akawasha jiko la mkaa la mtu, akaniletea chai ya rangi yenye sukari nyingi, akaketi nami mpaka nikaimaliza. Kisha akasema, "Tumpeleke nyumbani."

Siku chache baada ya mazishi nilimshukuru. Hakujifanya hakufanya kitu. Alikubali kwa kichwa. "Hiyo ndiyo yangu," alisema. "Mungu alipogawa, mimi alinipa miguu na makalio ya kukaa kwenye benchi. Si kubwa, lakini naijua, na nikiitumia nalala usingizi." Sijasikia mtu akijipima kwa haki kama hivyo, na si jambo la kupamba, ndivyo alivyosema, makalio na yote.

Lakini nani angemwomba asindikize? Ukishakuwa na mponyaji kijijini, humwambii abebe chupa ya chai. Karama aliyokuwa nayo ilikaa bila kazi, na ile asiyokuwa nayo ikamla.

Mke wake alipofariki, wa kumwamini tulibaki mmoja, mimi. Jioni ya kuanua matanga alinijia kwenye ua, macho mekundu. "Sikiliza," alisema. "Jana bibi mmoja alinishika mkono akasema umempoza kichwa. Na mimi, kwa muda kidogo tu, nikautazama mkono wangu." Akaunyoosha, akautazama tena mbele yangu kana kwamba si wake. "Wewe ukiacha kuniamini, Mama Devota, nitaanza kujisadiki. Hapo nitakuwa nimepotea kweli. Usiniache."

"Uliteleza," nilimwambia. "Nilikiona kisigino."

Akapumua. "Rudia."

"Uliteleza, mzee."

Tangu siku hiyo ikawa kama salamu yetu. Akipita kwangu kuelekea shamba, nilimpa shikamoo, akajibu marahaba, kisha nikamwambia uliteleza, naye akaenda zake amesimama wima kidogo.

Sasa nifike kwa mama wa Nyamahanga, ingawa sipendi. Alitoka kule Biharamulo na mtoto wa kike anayeharisha, macho yamezama, ngozi ukiivuta inabaki imesimama. Alikuwa amepita zahanati ya kwao. Akapita kituo cha afya njiani. Alipita mpaka hospitali yetu ya wilaya, akaomba bodaboda asisimame, aende mbele, kwa Katekista. Nilisikia Katekista anapiga kelele uani, nikakimbia. "Umempitisha kwenye mlango wa hospitali ukamleta kwangu? Kwangu? Mama, mimi nina nini!" Alikuwa ameshamchukua mtoto mgongoni, anashuka mbio na miaka yake yote ile, mimi nyuma na chupa ya maji na chumvi. Hatukufika. Alimfia mgongoni, na alijua kabla yangu, maana aliacha kukimbia.

Yule mama alimpokea mtoto wake. Halafu, Mungu wangu, akamfariji yeye. Alimshika mkono akamwambia, "Usijilaumu, Katekista. Imani yangu ndiyo ilikuwa ndogo."

Nimewahi kuona watu wakipigwa. Sijaona pigo kama lile. Katekista alikaa chini barabarani. Mwezi haukuisha, alihamia kwa binti yake Nemba bila kuaga jumuiya, ukatekista ameuacha mezani kwa paroko. Aliniaga mimi. Alisema huko ni wakulima tu, wamehamia kutoka pande zote, hawajui habari za mto. Maskini. Habari haipandi basi, lakini inafika. Kabla mahindi hayajakomaa walikuwa wameketi uani kwa binti yake.

Nilimtembelea mara moja moja, kila nilipopata sababu ya kupita huko. Safari ya mwisho sababu ilikuwa shingoni. Nilikuwa na uvimbe chini ya taya, umekua, umekuwa mgumu, na daktari wa hospitali ya wilaya aliuminya, akaita mwenzake auminye naye, akaniandikia niende Mwanza. Watoto wangu wako mbali na shughuli zao. Nilifunga kitambaa shingoni, nikabeba begi, nikapanda basi, na nikashuka njiani kwenda Nemba. Kama mnataka kujua, Mwanza walinipasua, wakanitibu, nimerudi, ninalima. Hiyo siyo habari ninayosimulia.

Nilimkuta amekonda, ameketi nyuma ya nyumba wasimwone, anamenya mihogo. Shikamoo, marahaba. Alitazama begi, akatazama kitambaa. Uso wake ukajifunga, nikauona unavyojifunga. Mikono akaificha kwenye koti.

"Hata wewe?" aliuliza.

"Hata mimi nini? Sikuja kuguswa," nilimwambia. "Naenda Mwanza, hospitali kubwa. Naogopa. Nataka mtu wa kukaa nami benchini."

Natamani mngekuwepo. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya kuitwa la mwingine miaka na miaka. Kisu akakiangusha kwenye beseni. "Binti!" aliita. "Nitolee viatu. Na chupa ya chai, ile kubwa!" Tena akaanza kujisifu, mzee wa watu, huku anavaa. "Umefanya vizuri kuja kwangu. Katika hilo hakuna anayenishinda. Mwanza foleni zao ni za asubuhi sana, lazima tulale karibu. Umebeba shuka? Kanga mbili? Umebeba. Huyu mama ana akili." Binti yake alisimama mlangoni akashika mdomo. Aliniambia baadaye hakuwahi kumsikia baba yake akiongea kwa sauti ile tangu ahamie.

Kwenye basi alinipa dirisha. Alieleza abiria wa pembeni, bila kuulizwa, kwamba anamsindikiza jirani yake hospitali. "Mimi ni mtu wa kusindikiza," alimwambia. Yule abiria akaitikia haya, mzee, akaendelea na simu yake, hakumjua, na Katekista akafurahi kutojulikana. Tulikunywa chai. Tulipopita Geita akasinzia, kichwa nyuma, mkono wake wa kulia umelala wazi juu ya goti, karibu na langu.

Niliutazama. Nilijua kila kitu kuhusu mkono ule. Nilijua ulivyoshika mti wa machela na ulivyoshindwa kuushika. Nilikiona kisigino. Hakuna mtu aliyekuwa na uhakika duniani kama mimi. Na uvimbe ulikuwa unapiga chini ya kitambaa kama kitu chenye moyo wake, na Mwanza ilikuwa inakaribia, na hofu, jamani, hofu haina aibu.

Niliuchukua ule mkono polepole, nikafungua kitambaa, nikauweka pale.

Ulikuwa wa moto tu, wa mzee, una sugu za jembe. Niliubana shingoni nikafumba macho. Nilipofumbua, yeye alikuwa macho. Sijui tangu saa ngapi. Hakuuondoa mkono. Alinitazama tu, akingoja, na nikajua anangoja neno gani, lile nililompa kila asubuhi miaka yote ile juu ya ua, neno moja, na mdomo wangu ukakataa.

Aligeuza uso kuelekea upande wa abiria wengine. Mkono aliniachia palepale shingoni. Tulikwenda hivyo mpaka Mwanza.